Pini ya Shaba

Watu wananijia hapa Gerezani, mtaa wa vyuma chakavu, wananiambia, fundi, nichagulie winchi ya mkono ya bei nafuu, gari yangu inaenda porini. Mimi si fundi. Niliishia darasa la nne, na gari nimeendesha Jumapili chache tu za kujifunza. Wananiita fundi kwa sababu nimekaa kati ya vyuma na nina mguu mmoja, na mtu wa hivyo hudhaniwa kwamba vyuma vimemfundisha. Vimenifundisha kweli. Lakini waliokula mguu wangu hawakuwa vyuma. Walikuwa watu, na leo nawataja. Majina siandiki, maana wana wajukuu wanaoniamkia vizuri wakipita. Nitawataja kwa vyeo vyao, kwa kuwa vyeo walivipenda kuliko majina: Mwenyekiti, Katibu, na fundi mchomeaji. Yuko na wa nne, huyo zamu yake itafika.

Tulikuwa kumi na wawili, wote watu wa kusini, tumepanga vyumba huku na huku Kariakoo, na tulikuwa na lori moja. Tani saba, kuukuu, dirisha la upande wa utingo ni ubao. Miaka ile mtu mmoja akiwa na lori aliitwa kupe. Watu kumi na wawili wakiwa na lori lilelile ni ushirika, wanapewa muhuri. Basi sisi tukapata muhuri. Lori lilishuka Rufiji mpaka Kilwa, likarudi na nazi, mikeka na mbao, na mimi ndiye niliyekuwa utingo wake.

Utingo ni nani, kwa asiyejua? Dereva anakaa, utingo anashuka. Lori likizama kwenye tope jeusi la Rufiji wakati wa masika, dereva anazima injini na kuwasha sigara. Utingo anavua viatu. Anachimba, anakata magogo, anatandika chini ya tairi, anaenda kijijini kuomba wanaume waje na kamba. Masika moja tulikaa siku tisa mahali pamoja, nazi zikachipua ndani ya lori. Nilipanda juu nikakuta zimetoa majani, shamba kabisa.

Baada ya siku zile tisa Mwenyekiti aliitisha kikao akasema ushirika utanunua winchi. Aliniteua mimi niitafute, kwa sababu, alisema, mwenye tope ndiye ajuaye jembe. Na mbele ya wote akaongeza neno ambalo ndilo lililonifunga. Dereva wetu alikuwa mzee, macho yamechoka. Mwenyekiti alisema, masika ijayo ikipita salama, usukani ni wa kijana huyu.

Usukani ule niliutaka kuliko mke. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sikuwa nimewahi kukaa mahali ambapo mtu mwingine ndiye anashuka. Nataka ulijue hilo, usije ukaniuliza baadaye kwa nini nilinyamaza.

Nilitafuta winchi wiki nzima kwa miguu, yote miwili.

Ya kwanza niliiona duka la vifaa, Mtaa wa Msimbazi, kwa mfanyabiashara mmoja mtu wa Kilimanjaro. Ilikuwa ya kuzungusha, yenye gurudumu la kuviringia waya, rangi nyekundu inang'aa mpaka unataka kuilamba. Bei ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Ila alikuwa na sharti lake: ukichukua winchi unachukua na majembe kumi na mawili yasiyo na mipini, maana na yeye ameuziwa hivyohivyo alikoyatoa. Nikamwambia nataka kuitazama kwanza. Nikaufungua waya wote nikaunyoosha sakafuni. Ulikuwa mwembamba kama wa kuanikia nguo. Nikakitazama kile kijino kinachozuia gurudumu lisirudi nyuma, nikakikwaruza kwa ukucha. Rangi ikatoka, chini yake ufa. Chuma cha kale kimevalishwa kanzu ya Idi. Nikaendelea kukwaruza, mwenye duka akachoka.

“Wewe unanunua winchi au unaoa?”

“Naoa,” nikamwambia.

Watu dukani wakacheka, yeye akairudisha kwenye rafu. Nilikuwa hodari siku ile. Ningekuwa hodari hivyo hadi mwisho, leo nisingeandika.

Ya pili ilikuwa cheni ya kunyanyulia injini, iko gereji moja karibu na Mnazi Mmoja. Ina nguvu sana, haina ubishi. Lakini cheni yenyewe ni pima mbili. Ukiifunga kwenye mti, basi mti uwe umeota juu ya bampa. Nikaaga.

Ya tatu niliikuta hapahapa Gerezani, imelazwa juu ya gunia mbele ya mzee aliyewahi kufanya kazi bandarini, kupakua meli. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Winchi ile haikuwa na gurudumu hata moja. Ilikuwa sanduku la chuma, nzito, waya mnene unaingia kichwani na kutokea mkiani, na pembeni mpini mrefu wa kusukuma mbele na nyuma. Nikauliza inavutaje. Mzee akasema, umemwona mtu akipanda mnazi? Mikono hii inakumbatia, miguu inaachia. Miguu inashika, mikono inapanda. Ndani mna taya mbili zinafanya vilevile. Hii inauma waya, ile inaachia. Haiwezi kuteleza kwa sababu kila wakati kuna iliyouma.

Ilitokaje bandarini hakusema, na mimi sikuuliza. Miaka ile kitu kikionekana hukiulizi kilikotoka, unauliza kama kimebaki kingine.

Alichukua kitambaa kikavu akakipitisha kwenye waya mzima, pima baada ya pima, akaniambia nami nifanye. Waya wenye nyuzi zilizokatika hushika kitambaa kama mbigili. Ule haukushika popote. Kisha akaifunga ile winchi kwenye fremu ya lori bovu lililokuwa pale bila tairi, akanipa mpini, akaniambia vuta peke yako. Nilipotaka kumwita kuli mmoja anisaidie, akanigomba. Kitu cha mkono hupimwa kwa mtu mmoja, akasema. Nikavuta, na ile fremu ikaanza kutambaa mchangani. Mimi, mtu mmoja, mwenye uji tumboni. Nilicheka peke yangu.

Yeye akaenda akatia magogo mbele ya fremu, isiende tena. Akaniambia, haya, vuta. Nikavuta kwa nguvu zote, mpaka nikaning'inia. Pakalia tak, kisauti kidogo tu, mpini ukalegea mikononi mwangu nikakaa chini kama mtoto. Nilidhani nimeiharibu. Waya ulibaki pale pale, umekaza, haukurudi hata inchi.

“Umesikia?” mzee akasema. “Hiyo ni sauti ya mtu kurudi nyumbani.”

Akanionyesha. Kwenye shina la mpini kuna tundu, na ndani ya tundu kuna pini ya shaba, nyembamba kama kalamu ya risasi. Ni laini makusudi. Mzigo ukizidi, waya haukatiki, kulabu haifunguki, pini ndiyo inakufa. Akaniambia, imewekwa ife kabla yako. Ikikatika usiitukane, shukuru, kisha tazama umekosea wapi. Labda tairi imekwama kwenye kisiki, labda umezidisha mzigo. Rekebisha, tia nyingine. Na zile za akiba zinakaa ndani ya mpini wenyewe. Akaufungua kofia yake, akazimimina kiganjani: tatu.

Na zaidi ya hizo alikuwa na kopo la sigara, la bati, limejaa pini.

Sasa wa nne. Wa nne ni mimi.

Mzee alitaja bei ya winchi, na bei ya kopo mbali. Pesa niliyopewa na kikao ilikuwa pungufu ya vyote viwili. Tulibishana tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mwishowe akasema, chukua winchi kwa pesa hiyo, kopo libaki. Nikaona nimeshinda. Nilikuwa na pesa yangu mwenyewe mfukoni, nimeiweka kwa ajili ya suruali ya kuvaa siku ya kukabidhiwa usukani. Ingetosha lile kopo. Nilifikiri, pini tatu zinatosha, tope gani hilo la kukata pini tatu? Nikanunua suruali. Ilikuwa ya kijivu, na nilikuja kuivaa upande mmoja umekunjwa na kubanwa kwa pini ya nguo.

Winchi ikapokewa kwa shangwe. Sitasema uongo, ilikuwa winchi nzuri, na mpaka leo sijaona nzuri kuliko ile. Yeyote atakayekwambia utingo yule alinunua kibovu, mwambie aje hapa aniambie mimi.

Mwenyekiti alipoiona akapata wazo, na Mwenyekiti akipata wazo watu huumia. Tulikuwa tunatafuta kibali cha matairi mapya. Matairi hayakuwa dukani, yalikuwa kwenye kibali. Akasema tualike mgeni rasmi kutoka wilayani, tumwonyeshe lori linavyojitoa topeni kwa nguvu ya wanachama wenyewe, aone ushirika huu ni hai. Mahali ni Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, ambako mvua za kwanza zilikuwa zimeshalowesha. Lori litapakiwa mchanga, litaingizwa topeni kwa makusudi, kisha litavutwa. Mimi nilitumia ujana wangu kutoa lori topeni, na sasa tunalipeleka wenyewe.

Jumamosi moja kabla ya siku yenyewe tukaenda kufanya mazoezi. Winchi niliifunga kwenye kipande cha reli kilichokuwa kimesimikwa ardhini siku nyingi, nikapeleka waya kwa lori, nikaanza kuvuta polepole peke yangu kama nilivyofundishwa. Lori likaanza kusogea, kidole kwa kidole. Mwenyekiti akatazama kama dakika tano. Akaguna.

“Hii haipendezi,” akasema. “Winchi ya kuvutwa na mtu mmoja ni ya kibinafsi. Ya kwetu ivutwe na wote.”

Akaagiza bomba. Bomba la maji, refu kuliko mtu. Likavishwa juu ya mpini, na wanaume sita wakalishika, watatu huku, watatu huku. Katibu akasimama pembeni na daftari lake anaongoza wimbo. Nikasema bomba si zuri, mpini ule umepimwa urefu wake. Dereva akasema mwacheni kijana, anajua. Mwenyekiti akasema anajua, sawa, lakini umoja ni nguvu au si nguvu? Hapo utajibu nini? Ukisema si nguvu, unataka kulala wapi usiku huo?

Wale sita wakavuta. Tak. Pini ya kwanza.

Nikatia ya pili. Nikawaomba wavute taratibu. Wakaimba, wakavuta. Tak. Mwanachama mmoja akasema winchi ya utingo inapenda kujamba. Wakacheka wote hadi bomba likaanguka. Mimi sikucheka, nilikuwa na pini moja tu ya akiba.

Mwenyekiti aliiokota ile iliyokatika akaitazama. Akaibonyeza kwa meno. Ikaacha alama. Akaniuliza mbele ya wote kama nilijua kwamba pini ni laini kiasi hiki wakati nanunua. Nikasema nilijua, na nikajaribu kueleza, mzigo ukizidi ndiyo ikatike, ndiyo kazi yake. Nilieleza vibaya. Sina maneno mengi, na siku ile yalinikimbia hata machache niliyonayo. Nilichokumbuka ni maneno ya mzee tu, nikasema imewekwa ife kabla yangu.

“Sisi hatununui vitu vya kufa,” Mwenyekiti akasema.

Na Katibu, bila kuinua uso kwenye daftari, akauliza kwa sauti ya upole kabisa kwamba, ndugu, katika bei ile ulipata cha juu kiasi gani?

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Neno mhujumu halikutamkwa, lakini lilikuwa limekaa pale kati yetu, na wakati ule neno hilo liliweza kumpeleka mtu mbali. Waliojua habari ya suruali yangu mpya wakatazamana.

Jumatatu nilimwendea Katibu nikamwomba pesa ya lile kopo la pini. Nikamwambia mzee bado analo. Katibu akasema pesa haitoki bila kikao, na kikao ni baada ya mgeni rasmi. Nikasema nitatoa yangu, wanirudishie. Akasema ukitoa yako mkononi wakati unatuhumiwa, watu watasema unarudisha. Ni kweli, wangesema. Nikaogopa. Mtu mwingine angeenda tu akanunua, liwalo na liwe. Mimi nilirudi chumbani nikalala.

Kumbe Mwenyekiti naye alikuwa ameshaenda kwa fundi mchomeaji, yule wa uani nyuma ya soko. Fundi yule hakuwa mjinga. Alikuwa amefanya kazi karakana kubwa, anajua chuma kama anavyojua watoto wake. Alipewa pini ya shaba kama mfano, akaambiwa tengeneza kama hii lakini isiyokatika. Hakuuliza ya nini. Alichukua bolti ya springi ya lori, ile inayobana mabamba ya springi, chuma kigumu kuliko vyote garini, akaikata kichwa, akaipunguza kwa msumeno na tupa hadi ikaingia tunduni. Kazi safi. Ikaingia kama imezaliwa mle. Alimwambia Mwenyekiti, hii utazikwa nayo. Alifikiri ni sifa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya adhuhuri, jua kali, chini tope. Mgeni rasmi alikaa chini ya turubai na chupa ya soda. Kulikuwa na kina mama wa ngoma, watu wa Jangwani, watu wa Kariakoo waliokuja kutazama bure. Lori lilikuwa limezama hadi ekseli, mchanga umejaa, na dereva alikuwa ameambiwa asiwashe injini kabisa, ili ionekane ni nguvu ya watu tu. Kwa desturi dereva husaidia kwa gia ya kwanza, taratibu. Siku hiyo tulivuta maiti.

Niliitazama ile bolti ikiwa ndani ya mpini. Nilikuwa na pini moja ya shaba mfukoni. Ingenichukua muda wa kuhesabu kumi kubadilisha. Mwenyekiti alikuwa anatazama mikono yangu. Akanijia karibu, akaniwekea mkono begani, akasema polepole kwamba mgeni ameshaambiwa nani dereva mpya. Basi. Nikautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu.

Sita wakashika bomba, wakaimba. Mara ya kwanza lori likatikisika. Mara ya pili likasogea kidogo, watu wakapiga makofi. Mara ya tatu halikusogea, tairi la mbele lilikuwa limekutana na kitu huko chini, jiwe au kisiki, sijui hadi leo. Hapo ndipo pini ya shaba ingesema tak, wale sita wangekaa topeni, watu wangecheka, mgeni angecheka, matairi tungekosa, na mimi ningekuwa na miguu miwili. Badala yake kina mama wakapaza vigelegele, na wanaume wawili zaidi wakaruka kushika bomba.

Waya ukaanza kuimba. Waya wa chuma ukizidiwa hulia wembamba, kama mbu ndani ya sikio. Katika kelele zile nadhani niliusikia mimi peke yangu. Kina mama wawili wa ngoma walikuwa wamesogea mpaka karibu na waya, nikaenda kuwaambia warudi nyuma. Watu wamenisifu kwa hilo. Wasinisifu. Wale mama walikuwa wameshageuka wenyewe kabla sijafika. Mimi nilikuwa natembea tu, na nilikuwa natembea upande mbaya.

Sikusikia waya ukikatika. Waliokuwepo wanasema ulilia kama bunduki. Nilichoona ni kwamba nimekaa topeni, na kiatu changu cha kulia kiko mbali kidogo na mimi, kimefungwa kamba vizuri.

Hospitali sina neno nayo. Waliokata walikata palipobidi, chini ya goti hapakuwa na kitu cha kushonea. Mguu wenyewe ni wa kulia, ule wa mafuta na breki. Nilikuwa bado nahesabu siku za bandeji wakati Katibu alipokuja na machungwa manne na karatasi. Kikao kilikuwa kimekaa, ajali imetokana na uzembe wa mwendeshaji wa winchi kutokagua waya. Alitaka niweke saini. Nikamwambia waya niliukagua kwa kitambaa, pima kwa pima, wewe ulikagua nini? Akasema ndugu, usiwe na hasira, ushirika hautakutupa. Sikuweka saini. Machungwa niliyala, nilikuwa na njaa. Ushirika ukanitupa.

Matairi walipata. Mgeni rasmi alikuwa ameguswa.

Nilipoweza kutembea kwa gongo nikaja Gerezani, sikuwa na pengine. Nilimkuta mzee wa bandarini pale pale, na juu ya gunia lake nikaiona winchi yangu. Ushirika ulikuwa umemuuzia kama chuma chakavu, waya umekatika nusu. Nilimwamkia. Safari hii aliinua macho. Akatazama gongo, akatazama suruali iliyokunjwa, na hakusema pole. Alichukua nyundo na msumari, akaigonga ile bolti itoke tunduni. Iligoma. Aligonga mpaka jasho likamtoka. Ilipotoka akaitazama kwenye jua.

“Nani alitia hii?”

Nikamwambia. Nilimweleza yote, na suruali nikamwambia. Akatia mkono nyuma yake, akatoa lile kopo la sigara, akaniwekea mapajani. Limejaa vilevile. Nikauliza bei. Akanitukana tusi moja la bandarini ambalo siliandiki, na tangu siku hiyo nikakaa hapa kando yake, hadi alipofariki, na gunia likawa langu.

Kwa hiyo ukija kuniuliza winchi ya bei nafuu, nitakupa kitambaa upitishe kwenye waya. Nitakufungulia sanduku. Nitakwambia vuta peke yako, na ukimwita mwenzako akusaidie sikuuzii, nenda Msimbazi kanunue zenye rangi. Na kila wiki yuko mmoja, dereva au tajiri wa gari, atakayerudi kulalamika kwamba pini zangu zinakatika, kwa nini nisimtilie ngumu. Wengine nimewatupia gongo.

Lakini siku mzee alipoitoa ile bolti, sikuiacha pale. Niliitia mfukoni nikaenda nayo moja kwa moja kwa Mwenyekiti, nyumbani kwake. Ni mwendo mfupi kwa mtu mwenye miguu miwili. Nilimkuta barazani na fulana, anakula mihogo. Alinikaribisha vizuri, hilo sitamnyima. Aliita nyumbani niletewe maji ya kunawa. Mimi sikukaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, maneno mazito, na nilipofika mbele yake yakanikimbia tena kama kawaida yangu. Basi nikaiweka ile bolti mezani, karibu na sahani yake, nikasimama.

Aliichukua. Akaifuta kwa fulana. Akaigeuza huku na huku, akapitisha ukucha kwenye kingo kuona kama imeumia. Haikuwa na hata ufa. Nilimwona uso ukifunguka, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilidhani ameelewa.

“Mbona nzima?” akasema.

“Nzima, Mwenyekiti.”

“Sasa si unaona? Hii haikuwa na kosa.” Akamwita mkewe, akamwambia aiweke vizuri kabatini, itafaa kazi nyingine kwenye lori, bolti kama hizi siku hizi hazipatikani.

Mkewe alikuwa ameshanyoosha mkono. Nilimpokonya Mwenyekiti. Nilisikia gongo likianguka, na mimi nikashika ukingo wa meza nisianguke nalo, sahani ya mihogo ikaenda chini. Hakuna aliyeniokotea gongo. Niliinama mwenyewe, nikaliokota, nikashuka baraza.

Bolti ninayo. Iko ndani ya kopo, pamoja na pini za shaba. Mteja akiniambia anataka isiyokatika, namtolea hiyo aitazame.